Tuta Lisilouzwa: Safari Yetu Milima ya Usambara

Ukitoka Tanga mjini asubuhi na mapema, unapita Muheza, unafika njia panda ya Segera, unashika mkono wa kulia kuelekea Korogwe. Joto ni lile lile la nyumbani, na mkonge umesimama mistari kwa mistari. Ukifika Mombo, gari linaiacha barabara kuu iendayo Moshi na kuanza kuparamia mlima. Kutoka hapo hadi Lushoto ni kilometa zipatazo 33 tu, lakini, mpenzi msomaji, usizipime kwa urefu. Upande mmoja ni jabali, upande wa pili ni korongo, na kona hazina idadi. Wenzetu watatu walifumba macho tangu kona ya kwanza. Mama mchungaji alianzisha wimbo ili kututia moyo, lakini hatukuumaliza, kwa maana kila tulipokaribia kiitikio basi lilipiga kona nyingine na sauti zikakatika.

Tulipofika Soni, mahali ambapo maji ya mto yanaporomoka kwa kishindo, watoto walianza kudai sweta. Ulikuwa mwezi wa Saba, na huko juu mwezi wa Saba ni baridi kweli kweli. Vijana na akina mama walikuja madirishani na karoti zilizofungwa mafungu, majani yake bado yapo, na njegere mbichi ndani ya beseni. Tulinunua hata kabla ya kuuliza bei. Mtu wa Tanga hajazoea kuona karoti yenye majani.

Tulikuwa akina mama 19 wa usharika mmoja, pamoja na watoto saba. Wawili kati yetu ni wauguzi, na ndio tuliopewa kazi ya kuandika habari hizi. Pengine utauliza, akina mama wa pwani wanatafuta nini milimani? Jibu liko kliniki. Siku ya kupima watoto tunamweka mtoto kwenye mizani, tunaangalia kadi, tunafunua kope la chini la mama mjamzito na kuliona jeupe mahali panapotakiwa kuwa pekundu. Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2022 ulionyesha kuwa watoto 30 katika kila 100 walio chini ya miaka mitano hapa Tanzania wamedumaa. Ule wa mwaka 2015 na 2016 ulikuwa umeonyesha 34, basi tunasogea, ila polepole. Katika utafiti huo wa awali, wanawake 45 katika kila 100 wa umri wa kuzaa walionekana kuwa na upungufu wa damu. Hao si watu wa mbali. Ni sisi tunaokaa mabenchi ya mbele kanisani.

Kwa hiyo umoja wetu wa wanawake uliamua kwamba kila nyumba iwe na bustani ya mboga, hata kama ni ya gunia moja, na kwamba watoto wetu washiriki, si kama vibarua bali kama sehemu ya malezi yao ya Kikristo. Lakini kabla ya kushika jembe tulitaka kuwaona watu waliokaa na mboga miaka mingi. Ndiyo maana tukapanda Lushoto.

Mji wa Lushoto uko kwenye mwinuko wa mita zipatazo 1,400 juu ya usawa wa bahari. Wajerumani waliuita Wilhelmstal, kwa heshima ya mfalme wao. Kwa Walutheri wa upande huu milima hii ni kama nyumbani kwa babu: wamisionari wa Kijerumani walianza kazi Mlalo mwaka 1891, na wengi wetu tumekulia na vitabu vya kanisa vilivyopigwa chapa Vuga. Pale Irente kanisa lina shamba lake, na ukienda mbele kidogo ukasimama kwenye ukingo wa jabali, unaiona Mazinde chini kabisa na tambarare inayokwenda mpaka macho yachoke. Watoto wetu walishikwa mikono pale, tena kwa nguvu.

Lakini hatukwenda kuangalia mandhari. Wenyeji wetu walitugawa majumbani, wawili wawili na watatu watatu. Nyumba tuliyofikia sisi waandishi iko ubavuni mwa mlima, na chini yake bonde limejaa mboga kama zulia: kabichi, karoti, viazi, nyanya, pilipili hoho, liki. Maji yanatoka kijito cha juu, yanapitishwa kwenye vifereji vidogo vilivyochimbwa kwa jembe. Ama kweli tulidhani tumeingia bustani ya Edeni.

Jioni tukaona sura nyingine. Lori lilisimama barabarani, na kila nyumba ikaanza kupandisha matenga na magunia kichwani. Kabichi zikapangwa, karoti zikaoshwa kijitoni zikang'aa. Usiku lori likashuka Mombo kwenda Dar es Salaam, mboga ziwahi soko la alfajiri. Wakati huo huo, katika nyumba ya jirani tuliyoingia kusalimia, watoto wawili walikuwa wanakula ugali kwa chai ya rangi. Tuliuliza kwa upole kama kabichi zimekwisha. Mama wa nyumba alishangaa kidogo kwa swali letu. "Zile ni za gari," akasema.

Tusimhukumu mama huyu hata kidogo. Gari ndilo linalolipa sare za shule, sabuni, mafuta ya taa na matibabu. Na hela za gari kwa kawaida hupita mkononi mwa baba. Tulichojifunza pale ni jambo ambalo hatukulitarajia: mtu aweza kuzungukwa na mboga pande nne na bado mtoto wake akose mboga. Kuwa na shamba ni jambo moja, na kuwa na mboga ndani ya sufuria ni jambo jingine. Katikati yao pana uamuzi, na uamuzi huo lazima ufanywe na watu wawili waliooana.

Mama mwenyeji wetu alitupeleka nyuma ya jiko. Pale, ndani ya uzio wa fito uliozuia kuku, palikuwa na matuta matatu, kila moja upana wa mita moja hivi, urefu kama hatua sita. Upana huo una sababu: mtoto anafikia katikati akiwa amesimama pembeni, hana haja ya kulikanyaga tuta na kushindilia udongo. Tuta la kwanza lilikuwa na mchicha na mnavu. La pili lilikuwa na karoti na vitunguu. La tatu tuliliona kama vurugu: maboga yametambaa, kibwando kimejiotea, na pembeni mchunga, ile mboga chungu ambayo watu wa Tanga tunaijua vizuri ingawa siku hizi vijana wanaikunjia uso. "Haya matatu hayauzwi," alisema. "Baba watoto anajua, dalali anajua, hata mbuzi wanajua."

Siku ya pili tuliona maneno hayo yakijaribiwa. Dalali alipita saa kumi, amepungukiwa karoti, na bei siku hiyo ilikuwa imepanda. Bondeni karoti za familia zilikuwa bado changa. Macho yake yakaenda nyuma ya jiko. Akataja bei. Akaitaja tena, imeongezeka. Baba wa nyumba akamtazama mkewe bila kusema neno, na sisi wageni tukajifanya tunachambua mchele. Ikumbukwe kuwa mtoto wao wa tatu alikuwa anadaiwa mchango shuleni, jambo hilo tulilisikia asubuhi.

Mama akajibu kwa utani, lakini utani wenye mfupa ndani: "Shemeji, leo umekuwa Ahabu?" Watu wote wakacheka, dalali naye akacheka, kwa sababu ni mtu wa kanisani na habari ya shamba la Nabothi anaijua. Wengi wetu hukumbuka kwamba mfalme Ahabu alilitaka shamba la mizabibu la Nabothi, lakini tunasahau alilitaka la nini. Soma 1 Wafalme 21:2. Alitaka kulifanya bustani ya mboga, kwa kuwa lilikuwa karibu na nyumba yake! Dalali akaondoka kutafuta kwingine. Baba hakuwa na furaha sana, na wala hatutasema uongo kwamba alikuwa nayo. Kwenye meza usiku ule alishukuru kwa chakula, akashukuru kwa wageni, kisha akamwomba Mungu waziwazi kwamba bei ile isishuke mpaka Ijumaa, karoti za bondeni zitakapokuwa tayari. Sisi tuliitikia "Amina" kwa moyo wote.

Baadaye tulimwuliza mama alivyofikia makubaliano hayo. Alisema haikuwa siku moja. Mtoto wao wa kwanza alilazwa akiwa na miaka miwili, amevimba miguu, nywele zimegeuka rangi, na muuguzi wa wodini akawauliza wote wawili, si mama peke yake, wanalima nini. Baba akataja mboga saba. Muuguzi akauliza mtoto anakula ipi. "Hapo mume wangu aliangalia chini," alisema mama. Aliporudi nyumbani akajenga ule uzio mwenyewe. Sisi tulio wauguzi tuliandika jambo hilo kwenye daftari: swali liulizwe kwa baba na mama pamoja. Mara ngapi tunawafundisha lishe akina mama peke yao, na mwenye funguo za ghala yuko nje chini ya mwembe?

Sasa turuhusu tuseme kidogo kama wauguzi, maana kuna mambo yanayosemwa juu ya mboga za majani ambayo si sahihi. Mboga za kijani zina madini ya chuma, ndiyo, lakini mwili hauyapokei kwa urahisi kama yale ya nyama, maini au dagaa. Unaweza kuusaidia mwili kwa kukamulia limau au kula nyanya, papai au chungwa katika mlo ule ule. Unauzuia ukinywa chai pamoja na chakula. Kwa hiyo chai ingoje saa moja au mbili. Wale watoto wa ugali kwa chai ya rangi walikuwa wanapoteza mara mbili. Tena weka mafuta kidogo kwenye mboga, kwa kuwa vitamini A inahitaji mafuta ili iingie mwilini. Osha kwanza, ndipo ukate. Usichemshe mpaka ziwe nyeusi kisha ukamwaga maji, maana hapo umemwaga ulichokilima. Na mjamzito asiache vidonge vyake vya kuongeza damu ati kwa sababu ana mchicha nyumbani. Bustani na kliniki ni ndugu, hakuna anayechukua nafasi ya mwenzake. Mtoto naye aanze kuonjeshwa mboga zilizopondwa vizuri akitimiza miezi sita, huku akiendelea kunyonya.

Liko jambo jingine lililotutia hofu huko, nalo linatuhusu sote tunaokula nyanya. Kwenye baridi na ukungu nyanya hushambuliwa na magonjwa, na wakulima hupiga dawa mara nyingi. Tuliona kijana wa miaka kama kumi na miwili amebeba bomba mgongoni, miguu mitupu, hana kitambaa usoni. Hatukuweza kunyamaza. Tulimwendea baba yake kwa adabu, tukajitambulisha, tukazungumza. Alitusikiliza. Alisema wengi wanasoma maandishi ya kwenye chupa kwa shida, yameandikwa kwa herufi ndogo mno. Ni kweli.

Mtakumbuka habari ya Elisha katika 2 Wafalme 4, mistari ya 38 mpaka 41. Ilikuwa wakati wa njaa, mtu mmoja akaenda kondeni kutafuta mboga, akaleta matango-mwitu asiyoyajua, akayakatia sufuriani, na walaji wakalia kwamba mna mauti ndani. Mtu yule hakuwa mbaya, alitaka kuwalisha wenzake. Kwa hiyo tunawaomba akina mama: dawa ya shamba isikae jikoni, isihamishiwe kamwe kwenye chupa ya soda au ya maji, na chupa tupu isitumike kuchotea kitu chochote. Kila dawa imeandikwa siku za kungoja kabla ya kuchuma, zihesabu. Mtoto akimwagikiwa, mvue nguo na umwoshe kwa maji mengi na sabuni. Akinywa, usimlazimishe kutapika na usimpe maziwa ati yatakata sumu. Mkimbize hospitali, na uichukue chupa uende nayo, ili mganga ajue ni sumu gani. Kwa tuta dogo la nyumbani dawa hizo wala hazihitajiki. Mama mwenyeji wetu hunyunyiza jivu kwenye vidukari, hung'oa jani lenye ugonjwa mapema, na hapandi nyanya mahali pale pale msimu hata msimu. Anapoteza kiasi, anakubali kupoteza.

Turudi kwa watoto. Wazee wa Lushoto wana kumbukumbu moja ambayo kila mzazi angefaa kuisikia. Mwaka 1946 serikali ya kikoloni ilianza mpango wa kuokoa udongo, kuanzia Mlalo. Watu waliamriwa kulima matuta ya kukinga mteremko, na asiyelima aliadhibiwa. Shabaha haikuwa mbaya, kwani udongo ulikuwa unateremka kweli. Lakini kazi ilikuwa nzito, iliwaelemea sana wanawake, na ilikuja kwa fimbo. Watu walikataa, na mwishoni mwa miaka ya 1950 mpango ulikuwa umekufa. Mwaka 1981 ukaja mradi mwingine wa hifadhi ya udongo, kwa msaada wa Ujerumani, ukatumia njia ya kukaa na watu, kupanda majani ya ng'ombe na miti kwenye kingo. Leo ukitazama mlimani utaona ile mistari ya majani imekingama mteremko, na mwenye shamba ndiye anayekata majani yale kulisha ng'ombe wake.

Mlima ni ule ule, udongo ni ule ule. Sasa tufikirie mtoto wetu. Wangapi tumekua tukilima bustani ya shule kwa adhabu? Umechelewa, nenda kalime. Umepiga kelele, kamwagilie. Halafu tunashangaa kijana anakimbia jembe kama anakimbia nyoka. Katika nyumba ile tuliyofikia hakuna mtoto anayetumwa bustanini kwa kosa. Kosa lina adhabu yake nyingine. Mdogo wa miaka minne anamwagilia kwa kikopo kilichotobolewa matundu. Wa miaka saba anapanda mchicha. Mama amemwonyesha kuchanganya zile mbegu ndogo na mchanga ili zisimwagike rundo moja. Mkubwa anageuza lundo la samadi, na ana mistari yake miwili ya karoti ambayo baba haigusi. Kazi yenyewe haizidi nusu saa asubuhi na nusu saa jioni, na siku ya Jumapili ni kumwagilia tu.

Huko bustanini ndiko mafundisho ya dini yanakofanyika, na hayafanani na mahubiri. Jioni moja yule wa miaka saba aliuliza, akiwa na kopo mkononi: kama tunamwomba Mungu anyeshe mvua, mbona tunamwagilia? Sisi wageni tulijiandaa kutoa jibu refu. Mama yake akamwuliza kama usiku alipolala aliyaona maji yakipanda ndani ya mche. Hakuyaona. Akamsimulia kwa maneno yake mwenyewe ule mfano wa Marko 4, wa mtu aliyetupa mbegu akalala akaamka, na mbegu ikaota yeye asijue jinsi gani. Sehemu yetu ni kopo. Mtoto akamalizia tuta.

Lakini kuna maswali magumu kuliko hilo, na hatupendi kuyaruka. Usiku wa mwisho tulikaa wote kwenye jiko la mama mchungaji wa pale, tukiota moto, na mmoja wa wenzetu akasimulia yaliyotokea nyumbani kwake. Mwanawe wa miaka minane alipanda mchicha wake nyuma ya nyumba. Kila jioni aliuombea, kwa jina, akiinama kabisa. Siku moja kabla ya kuuchuma, mbuzi wa jirani wakaumaliza. Mtoto akamwuliza mama: Mungu hakusikia? Mwenzetu alisema yalimjia majibu mengi ya haraka. Kwamba Mungu anakufundisha uvumilivu. Kwamba hukuomba kwa imani. Kwamba Mungu alitaka mbuzi nao wale. Akayaacha yote. Akakaa naye chini akamwambia, "Sijui, mwanangu. Lakini mbuzi tunawajua." Kesho yake wakajenga uzio, na jioni mtoto akaomba tena, ingawa kwa sauti ya chini kuliko zamani.

Tulinyamaza kwa muda. Sisi tunaofanya kazi wodini tumewasikia watu wa Mungu, wenye nia njema, wakimwambia mama aliyefiwa na mtoto kwamba imani yake ilipungua. Hatujui neno linaloumiza zaidi ya hilo. Mtoto anayefundishwa kwamba sala ni bei ya mchicha, siku mchicha utakapoliwa ataona amedhulumiwa. Bustani humwonyesha mapema, kwa hasara ndogo ya mchicha, kwamba tunaomba na bado baadhi ya mambo huharibika, na mama bado yuko pale, na kesho kuna fito za kukata. Baadhi ya wenzetu hawakukubaliana nasi. Walisema mtoto mdogo anahitaji jibu, si "sijui". Mazungumzo yaliendelea mpaka kuni zikaisha, na hatukuafikiana.

Jumapili tulisali na wenyeji. Sadaka ya fedha ilipokwisha, watu walileta mazao madhabahuni: kikapu cha viazi, mkungu wa ndizi, jogoo aliyefungwa miguu, kabichi kubwa kama kichwa cha mtu. Nyuma ya wazee akaja yule kijana wa nyumba yetu na fungu la karoti saba kutoka mistari yake miwili. Mama alikuwa amemweleza habari za kikapu cha malimbuko katika Kumbukumbu la Torati 26, lakini kuchagua zipi alichagua mwenyewe, na tuliona asubuhi akirudisha mbili zilizopinda na kung'oa nyingine. Baada ya ibada, mnada nje ya kanisa. Karoti zake zilipoinuliwa uso wake ulikuwa wa kutazamwa. Watu walipandishiana bei kwa kicheko, na mwisho zikanunuliwa na dalali. Naam, yule yule! Akalipa bei ambayo hakuna karoti saba duniani zimepata kulipwa, akazigawa pale pale kwa wajane wawili.

Tuta la pembeni, lile la vurugu, nalo lina kazi yake ya kikanisa. Majani ya maboga ya upande wa nje ya uzio huchumwa na yeyote anayepita. Mama hakutueleza sababu mpaka tulipomwuliza, akataja Mambo ya Walawi 19, sheria ya kutovuna pembe za shamba ili maskini na mgeni wapate. Kuna bibi mmoja asiye na watu ambaye hupita karibu kila jioni. Watoto wa nyumba wanamjua, wanamwamkia "Shikamoo bibi," na hakuna anayemtazama mkononi.

Sisi wa Tanga hatuna vijito vya Usambara, tuna joto na mchanga, na wengine tuna chumba kimoja cha kupanga. Kwa hiyo tumechagua yanayofaa kwetu. Mchicha unachumwa wiki tatu mpaka nne tangu kupandwa. Matembele hayana gharama, unaomba tu vipande vya marando kwa jirani. Mnavu, kibwando, bamia, maboga na kisamvu vinalipenda joto letu. Mbegu bora za mboga zetu za asili sasa zinapatikana madukani kuliko zamani, na sehemu ya kazi hiyo ilifanywa na kituo cha utafiti wa mboga kilichofunguliwa Tengeru, Arusha, mwaka 1992. Kwa mwenye chumba kimoja, gunia linatosha: weka mawe katikati kuanzia chini mpaka juu ili maji yashuke, jaza udongo uliochanganywa na samadi iliyooza vizuri, toboa ubavuni, panda miche juu na kwenye matundu. Maji ya kuoshea mchele na mboga yamwagiwe humo. Yenye sabuni nyingi, hapana.

Tulishuka Jumatatu na miche ya mnavu imefungwa kwa majani ya mgomba, na marando mawili matatu ya maboga ambayo utingo alitaka kuyatupa juu ya basi tukamkatalia. Watoto walishika makopo ya mbegu mapajani mpaka Tanga. Tumepanga kila nyumba iandae tuta au gunia lake kabla ya mvua za vuli, mwezi wa Kumi, na akina baba wameitwa kikao cha Jumamosi ya kwanza ili tukubaliane nao, kila nyumba kwa kinywa chake, tuta lipi haliuzwi. Baba wanne wamekwisha kuomba fito za uzio. Mmoja ameuliza kama matembele nayo yamo katika mapatano hayo, kwa kuwa ana mteja. Tumemwambia aje kikaoni na mkewe.